Msiba wa Mpagazi

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu, na kama kuna kitu ambacho hata leo sikivumilii ni mtu mzima kuchezea ngeli. Muuza mchicha akiniambia "mafungu hizi" namrekebisha kwanza, bei tunaizungumza baadaye. Mume wangu husema siku nikilazwa kaburini, malaika wakija kuniuliza, nitawasahihishia maswali. Huwa simjibu. Yeye ni Mnyamwezi, mimi Mluguru, na makabila yetu ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo anaruhusiwa kunitania atakavyo na mila inanikataza kununa. Mtu mwenye hasira za karibu kama mimi, nikaenda kuolewa na mwanamume ambaye ni mwiko kumkasirikia! Waliotuoza hawakufikiria vizuri.

Anayeufaidi utani huo kuliko wote ni dada yangu mkubwa. Anauza ndizi na magimbi kwenye genge lake kando ya barabara kule Bigwa, mlima ukiwa mgongoni mwake. Siku ya posa, alipoambiwa mchumba ni mtu wa Tabora, aliuliza mbele ya wazee kama amekuja na mzigo wake kichwani, maana babu zake walibeba pembe kutoka bara mpaka pwani, na wakati wa kurudi wakachokea Morogoro. Wazee wakacheka mpaka mahari ikapungua. Tangu siku hiyo dada hajawahi kumwita kwa jina lake. Anamwita Mpagazi.

Mume wangu aliishi na jina hilo miaka mingi bila kulipiza, mpaka alipostaafu kazi ya reli na kununua baiskeli ya umeme.

Niieleze kidogo. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani na wala haikujaribu kuficha. Rangi nyekundu ilianza kubanduka kabla hatujafika nyumbani. Honi yake ililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na picha ya baiskeli nyingine kabisa. Lakini fremu yake ilipinda chini katikati, kwa hiyo mtu hahitaji kurusha mguu ili aipande, anapita tu katikati na kukaa. Kwa hilo peke yake mume wangu aliipenda kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote chenye chuma, na huyu ni mtu aliyefanya kazi kwenye treni.

Nyonga yake iliharibika kazini, siku aliporuka kutoka kwenye behewa akidhani treni imesimama. Sasa anatembea kwa mkongojo, polepole, na kutoka nyumbani kwetu Kihonda mpaka kijiwe cha kahawa karibu na soko, anakocheza bao na wazee wenzake, ni mbali mno kwa mguu ule. Bodaboda haiwezekani, nyonga haimruhusu kupanua miguu nyuma ya mtu. Bajaji alipanda mara mbili, mara zote akarudi amevimba mashavu. Alisema mtu aliyepuliza filimbi treni nzima ikaondoka hawezi kusimama barabarani akisubiri kubebwa kama gunia la viazi. Baiskeli ndiyo iliyompa miguu. Kila siku baada ya adhuhuri alipiga pasi suruali yake mwenyewe, akaivaa, akatazama saa na kutoka. Ukimsemesha mlangoni alikwambia treni haisubiri abiria mwenye maneno.

Siku ya kwanza alipoipanda alifunga mkungu wa ndizi nyuma, akampigia dada simu. "Shemeji," akamwambia, "mpagazi nimempata. Yeye anabeba, mimi nimekaa." Dada akacheka, akakata simu, na nadhani hapohapo akasahau. Ikawa hivyo. Kwetu Kihonda, Mpagazi ni baiskeli. Kule Bigwa, Mpagazi akabaki kuwa mume wangu. Hatukuona kama kuna tatizo lolote.

Tatizo nililoliona mimi lilikuwa la ngeli. Mume wangu alikuwa akisema, "Mpagazi imepata pancha." Nikamkatiza kijiko kikiwa mdomoni. Mpagazi ni M-WA, nikamwambia, awe na miguu au magurudumu. Mpagazi amepata pancha. Mpagazi amelowa. Mpagazi anahitaji kuogeshwa. Alijaribu kubishana kwamba chuma hakina roho, nikamwambia ngeli haiulizi roho, inauliza jina. Akazoea. Mwishowe hata majirani wakawa wanauliza, "Mwalimu, Mpagazi yupo?" na mimi nikafurahi kuona kazi ya maisha yangu haikupotea.

Mpagazi alianza kuugua masika yalipoanza. Kihonda ni tambarare, mlima tunauona kwa mbali tu ukijifunika mawingu, na mwinuko wetu mkubwa ni matuta ya barabarani. Mpagazi akaanza kushindwa na matuta. Anakula chaji usiku kucha, asubuhi kitaa cha chaja kinawaka kijani cha kuringa, akifika kwenye tuta la kwanza anatoa mlio wa kukata tamaa na kusimama. Siku moja mume wangu alirudi akiwa anasukumwa na muuza maji, amekaa juu ya baiskeli wima kabisa, mkongojo mapajani, anatazama mbele kana kwamba huo ndio mpango aliotoka nao nyumbani.

Nikampeleka Mpagazi kwa fundi. Huyu ni fundi wa redio na pasi ambaye aliongeza maneno "baiskeli za umeme" kwenye kibao chake bila kuongeza kitu kingine chochote kibandani. Akafungua chini ya kiti, akagongagonga, akasikiliza.

"Mama, betri ndiyo moyo," akasema. "Huu moyo umechoka."

"Ukiweka moyo mpya anapona?"

"Anaweza kupona."

"Anaweza au anapona?"

"Inategemea. Maana na ule ubongo wake, ile kontrola, nao siuamini."

"Sasa unanishauri nitengeneze au ninunue nyingine?"

"Inategemea, mama."

Aliitumia "inategemea" mpaka nikaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipogawanyika. Mimi nilitaka tununue nyingine. Moyo mpya kwenye kiwiliwili kile, nilisema, ni sawa na kumnunulia koti la harusi mtu asiye na suruali. Tusubiri zamu yangu ya upatu ifike, tununue chombo cha maana, chenye breki zinazosikia. Yeye alitaka tutengeneze, na tutengeneze sasa. Reli hawatupi injini jalalani, alisema. Injini ikigoma wanabadilisha kilichogoma, na inarudi njiani kesho yake. Nikamuuliza kama ndiyo sababu treni zao zilikuwa zinachelewa. Nilimshinda kwa hoja, nikamshinda tena siku iliyofuata, na nikiri kwamba nilikuwa nayafurahia yale mabishano. Yeye si mtu wa kubishana. Mwishowe akasema, "Sawa, mwalimu," akabeba kiti cha plastiki mpaka nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, akakiweka kando ya Mpagazi aliyeegemea ukuta, akakaa.

Zamu yangu ya upatu ilikuwa bado mbali. Nilikuwa na haraka ya kushinda, sikuwa na haraka ya kununua.

Wakati huo dada alikuwa anauliza habari kwa ujumbe wa simu. Ana kitochi ambacho vitufe vyake vimefutika namba, kwa hiyo anaandika kwa kupapasa na kwa ufupi, nami namjibu kwa ufupi ili nisionekane najidai.

"Mpagazi mzima?" aliandika.

"Anaumwa. Hana nguvu kabisa," nikajibu.

"Nini?"

"Wamesema moyo umechoka."

"Pole sana. Dawa ipo?"

"Moyo mpya upo ila nasita. Huyu kazeeka. Bora nitafute mwingine."

Siku hiyo hakujibu. Kesho yake likaja neno moja tu la onyo: "Mdogo wangu muogope Mungu."

Nikacheka peke yangu jikoni. Nikajua ananitania kwa kupenda vitu vipya. Nikamwandikia: "Mungu ananielewa. Nimeshamwona mmoja mjini, mweusi, mrefu, anapanda mlima bila kupumzika."

Naapa sikuona kitu. Mtu niliyefundisha ufahamu darasa la saba miaka yote ile, na sikuona kitu.

Mara moja alipiga simu, mtandao ukawa unakatikakatika kwa mvua. Nilichosikia ni "...anakula?" Nikapaza sauti: "Anakula usiku kucha, asubuhi hana kitu!" Nikasikia anamtaja Mtume, kisha simu ikakatika. Akaanza kutuma mkungu wa ndizi mbivu kila alipopata mtu wa kuja mjini, akisema ni za mgonjwa. Mume wangu alizila. Dada alipouliza kama aje kutuona nilimwambia asihangaike, njia imejaa matope na hapa hakuna cha kuona zaidi ya chuma na ukuta.

Na kweli nyuma ya nyumba kulikuwa na chuma na ukuta, na kiti. Wazee wa kijiweni walikuja mara mbili tatu kumjulia hali, wakaleta na bao, lakini bao la nyumbani halina kelele, halina kahawa, na kila mara ninapita mimi na ndoo. Wakaacha. Mume wangu akawa anatoka asubuhi na shuka lake begani, anakaa pale, anatazama turubai nililomfunikia Mpagazi. Nikimuuliza vipi, anasema salama. Mtu akikwambia salama unafanyaje? Unaendelea na kazi zako.

Asubuhi moja nikamchomeka Mpagazi kwenye umeme na kile kitaa hakikuwaka. Si kijani, si chekundu. Nikatingisha waya, nikapiga betri kofi, hakuna. Mume wangu akajivutia shuka mabegani. Nikachukua simu, nikamwandikia dada, maana ni yeye aliyekuwa anauliza kila siku: "Mpagazi amekufa leo asubuhi." Kisha nikakumbuka alivyo na wasiwasi, nikaongeza wa pili: "Usihangaike kuja. Nitamalizana naye mwenyewe."

Kwetu habari ya msiba haiulizwi mara mbili. Hupigi simu kudadisi, unafunga kanga kiunoni na kwenda, tena upesi, maana maiti ya Kiislamu haisubiri.

Nilikuwa nafua nikasikia kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinaingia na kilio kinatangulia mbele yake. Nyuma ya kirikuu walikuwa wamekaa dada, mjomba wetu, na binamu zetu wawili wa kike, pamoja na mfuko wa unga, mzigo wa kuni na ndizi mbichi za kupikia waombolezaji. Dada aliteremka wa kwanza. Alikuwa na fimbo mkononi. Akaingia uani akichechemea, nyonga nje, kidevu juu, ule mwendo wa mume wangu hasa hasa, huku anapuliza mdomo kama filimbi ya reli na kupiga kelele: "Treni ya Tabora imeondoka! Nani atabeba mizigo? Mpagazi mvivu wewe, umetuachia mizigo yetu stesheni!" Na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni. Mtu asiyejua mila angedhani amerukwa na akili. Ndivyo mtani anavyomlilia mtani: anamtukana marehemu, anamwigiza, anadai vitu vyake, na anaumia kuliko wote.

Nikasimama na povu mpaka kwenye viwiko. Akanikumbatia kwa nguvu.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Marehemu, mdogo wangu."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nikaona dada kavuka mipaka, kukodi gari kuja kulilia baiskeli, lakini utani ni utani, nikaupokea. "Yuko nyuma," nikasema. "Nimemwegemeza ukutani."

Binamu mmoja akaketi chini. Dada akanishika mabega. "Umemwegemeza ukutani?"

"Sasa nimlaze wapi? Ndani ananibana njia."

"Umemfunika?"

"Turubai. Asilowe."

Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu, maana sisi Waluguru mwenye neno ni kaka wa mama, alivua kofia. "Mama," akaniita kwa upole mkubwa, "pumzika. Sisi tumefika. Tutafanya kila kitu." Akawapungia mkono wenzake, wakaenda nyuma ya nyumba wanatembea kwa kunyata, mimi nikiwafuata najifuta mikono na kujiuliza kwa nini mjomba ananihurumia.

Turubai lilikuwa pale ukutani. Na kando yake, kwenye kiti cha plastiki, mume wangu amejifunika shuka mpaka mabegani, kidevu kifuani, macho ameyafumba.

Binamu waliangua kilio. Mume wangu akafumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja, akaona kanga za kiunoni, akaona kofia ya mjomba mkononi.

"Karibuni," akasema. "Kuna msiba wa nani?"

Dada akasema, "Wako."

Akafikiri. "Mbona mimi sijaambiwa?"

Aliyeanza kucheka ni mjomba. Alicheka akaangukia ndoo ya maji, binamu wakamwinua huku nao wanacheka, na mimi nilikuwa nimesimama pale napiga kelele kwamba nilimaanisha baiskeli, baiskeli, hii hapa, nikafunua turubai na kuwaonyesha. Nikawasomea ujumbe wote kutoka kwenye simu, na kila nilipozidi kusoma ndivyo walivyozidi kulegea. Nilipofika kwa yule mweusi, mrefu, anayepanda mlima bila kupumzika, hata dereva wa kirikuu aliyekuja kuchungulia alishika ukuta. Mume wangu alinitazama kwa macho mapya.

"Ungeandika 'imekufa'," mjomba akasema akifuta machozi. "Herufi moja tu, mama. Tungebaki nyumbani."

"Mpagazi ni M-WA!" nikasema. "Siwezi kuandika 'Mpagazi imekufa'. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili!"

Wakacheka upya. Lakini dada alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mume wangu na anamtazama kama anavyotazama ndizi kabla ya kuinunua, bila haraka, upande huu na upande huu. Nami nikatazama anakotazama. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo, nyeupe. Shati lilifungwa kifungo cha juu kwenye tundu la pili. Suruali ilikuwa na mikunjo ya kulaliwa, suruali ya mtu aliyekuwa anapiga pasi mpaka mstari unakata. Chai ya asubuhi ilikuwa kando yake, haijaguswa, nzi ameogelea humo na kumaliza. Na miguu ya kiti ilikuwa imezama ardhini. Udongo wa masika ni laini, naujua, lakini kiti hakizami hivyo kwa siku moja wala mbili.

Dada akainuka, akanigeukia. Hakusema kwa ukali.

"Hukukosea ngeli, mwalimu," akasema.

Nilimtazama mume wangu na nikaogopa, ile hofu ambayo ningeipata saa moja kabla kama ningekuwa nasoma ujumbe wangu kama wanavyousoma wengine. Nilikuwa nakaa na mtu anayezama na nilikuwa nampita na ndoo.

Mjomba alikohoa, akasema basi, kama hakuna maiti, twende zetu. Dada akasema hapana. Watani wakija msibani hawaondoki mikono mitupu, awe marehemu amekufa au hajafa, hilo ni lake mwenyewe, wao wamelipa gari. Mume wangu, aliyeanza kuchangamka kidogo, akasema wachukue jogoo. Dada akasema jogoo anaye. Akasema wachukue redio. Dada akasema redio ya Mnyamwezi inasema Kinyamwezi.

"Nataka kiti," akasema.

"Kiti gani?"

"Hicho. Inuka."

"Shemeji, nimekaa."

"Marehemu hakai. Inuka, nirithi."

Mila ni mila. Huwezi kumnyima mtani alichoshika na huwezi kununa. Mume wangu alijikongoja akasimama, dada akaking'oa kiti kutoka udongoni kwa mikono miwili, kikatoka kwa sauti ya kunyonya, akakipachika kichwani chini juu na kukitia kwenye kirikuu juu ya kuni.

"Mkikitaka mtakikomboa Bigwa," akasema. "Akikomboe mwenyewe. Na asije kwa bajaji, asije kwa gari la mtu. Mpagazi aje juu ya Mpagazi. Vinginevyo kiti changu."

Wakaondoka na kila kitu isipokuwa ndizi za msiba, ambazo walisema si vizuri kurudi nazo nyumbani. Mume wangu alibaki amesimama nyuma ya nyumba. Makochi ya ndani yanammeza, akikaa humo nyonga haimwinui. Vigoda ni vifupi mno. Alisimama, akaegemea ukuta, akaegemea Mpagazi, akatazama yale matundu manne ardhini.

"Sina pa kukaa," akaniambia, kwa mshangao.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye kibanda cha fundi kabla hajakifungua. Nilikuwa nimechukua fedha niliyoitenga kwa upatu, na upatu ukasubiri. Nilimwambia sitaki kusikia "inategemea". Aweke moyo mpya. Akauweka, Mpagazi akawaka, akatoa moshi mdogo na kuzima: ubongo. Akaweka ubongo. Ndipo tairi la nyuma lilipoonyesha nyuzi zake, na breki, na ule mnyororo uliokuwa unalia; vyote vikabadilishwa, ingawa mnyororo mpya nao ulilia vilevile. Mwisho wa yote kilichobaki cha zamani kilikuwa fremu iliyopinda, honi ya mbuzi na jina. Nikamuuliza mume wangu, sasa hapa tumetengeneza au tumenunua nyingine? Tuambiane ukweli, ni nani aliyeshinda?

"Treni inabadilishwa mabehewa, inabadilishwa injini," akasema, "na bado ni treni ya saa nne." Kisha akaingia ndani kutafuta pasi.

Siku ya kwenda Bigwa alinyoa ndevu, akavaa suruali yenye mstari unaokata. Fidia aliyoichagua ilikuwa mfuko wa michembe, vile viazi vikavu vya kwao, aliyoagiza kutoka Tabora makusudi ili dada akiing'ata imvunje jino. Alikataa nifuatane naye. Nikatangulia kwa daladala, nikateremka gengeni kwa dada, na hapo nilimkuta amekaa kwenye kiti chetu, amekiweka katikati ya magimbi kama kiti cha chifu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Tukasubiri. Dada aliuza ndizi, mimi nilitazama barabara. Kutoka Kihonda mpaka Bigwa kuna mji mzima katikati, kuna malori, kuna wale vijana wa bodaboda wasiojua breki, na mbele ya Bigwa kuna mwinuko wa kweli, si tuta. Niliomba dua zote nilizozijua. Niliahidi kwamba nikimwona akitokea, sitasahihisha ngeli ya mtu yeyote kwa wiki nzima.

Nilimsikia kabla sijamwona. Mnyororo kwanza, unalia, halafu ile honi ya mbuzi, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akatokea kwenye kona akipanda taratibu, mgongo wima, mkongojo umefungwa kwenye fremu, mfuko wa michembe nyuma, ametota jasho na meno yote nje. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Akasimamisha, akapita katikati ya fremu, akashuka mwenyewe.

"Shemeji," akasema akihema, "mpagazi amefika na mzigo."

Dada akapokea mfuko, akaupima uzito kwa mkono, akatafuna kiazi kimoja kwa tabu na kukubali kwamba fidia imekamilika. Akainuka kwenye kiti kwenda kumletea maji. Mume wangu, ambaye alikuwa amesafiri mji mzima kwa ajili ya kiti kile, akakigeuza vizuri na kuanza kukaa.

Dada akarudi mbio akampiga kanga mgongoni. "Ondoka hapo! Hicho ni kiti cha marehemu."

"Si nimekikomboa?"

"Umekikomboa. Sasa nakuuliza, unakitaka?"

Mume wangu akakitazama kiti. Akatazama barabara aliyopandia, akatazama saa yake.

"Bao linaanza saa tisa," akasema. Akanywa maji amesimama, akapanda Mpagazi, akapiga honi na kuteremka kuelekea mjini bila hata kuniaga.

Kiti kiko Bigwa mpaka leo. Dada anapangia magimbi juu yake.